Mwanaidi binti Mhina, Mama Mkwe wa Watu wa Winchi

Wazee shikamooni, majirani wa hapa Chanika, na nyie mliotoka Mazingara na Masuguru, poleni na msiba, poleni na safari. Ukoo umenituma mimi, mwanamke wa ukoo niliyeishi naye kule Masuguru, nimseme marehemu wetu Mwanaidi binti Mhina, alivyozaliwa, alivyoishi na alivyokufa, na kabla sijaenda mbali niseme nimezipata wapi habari hizi, maana kuna watu hapa wenye masikio ya kuchagua. Za utoto wake tulikuwa nazo wote, lakini za kule kwenye winchi aliyenieleza wa kwanza ni mzee Salaash, huyo aliyekaa pale na fimbo yake, aliyekuwa mlinzi wa stoo ya marobota, aliyeona kwa macho yake mawili, na nikipotea njia ataninyoosha hapa hapa mbele yenu.

Nimeambiwa niwe mfupi. Nimeambiwa pia, na aliyeniambia anajijua, kwamba mambo ya mwaka sitini na nane si ya kusemwa kwenye matanga, lakini jana, hapo uani, sufuria zikioshwa, mtu mzima na akili zake alimwambia Mwantumu, mjukuu wa marehemu, mtoto wa miaka tisa, "Bibi yako ndiye aliyemuua baba yako," na mtoto akaja kwangu mikono imelowa, akaniuliza kama ni kweli. Basi sitakuwa mfupi.

Marehemu alizaliwa Mazingara, Handeni, masika ya mwaka 1922, tarehe hakuna aliyeiandika, mama yake bibi Mwaija alisema ilikuwa siku ya pili baada ya kumaliza palizi ya mahindi, na hiyo inatosha, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Mhina, mwenye kisima, ambaye wazee wa pale mnamkumbuka.

Shule hakwenda, shule ilikuwa mbali na mtoto wa kike alikuwa wa kubeba maji, alisoma Kurani kwa mwalimu wa kijijini mpaka akamaliza juzuu ya kwanza, na elimu yake nyingine ilikuwa kamba. Mnaijua Mazingara, nchi kavu, maji yako chini sana, kiangazi kikikaza lazima mtu ashushwe kisimani kwa kamba akatoe tope, na mzee Mhina ndiye aliyesokota kamba zile, na kila asubuhi kabla mtu hajashushwa alimpa Mwanaidi kamba aipitishe kiganjani yote, pima kwa pima, amefumba macho, kwa sababu alisema jicho linadanganywa na mwanga lakini kiganja hakidanganyiki, na mtoto akisema "Baba, hapa pana kitu," siku hiyo hakushuka mtu, hata kama kijiji kizima kina kiu, hata kama mjumbe wa akida amesimama pale anatukana. Miaka yote ya mzee Mhina kisima kile hakikuua mtu.

Aliolewa mwaka 1939 na Isihaka, mkulima, mtu mpole, wakajaliwa watoto wanne, wawili Mungu aliwachukua wachanga, wakabaki Swaumu, aliyezaliwa mwaka 1944, na Hiza, aliyezaliwa 1949, huyu mwalimu wenu. Mwaka 1951 mvua zilipogoma walihamia Korogwe, wakapata kiwanja Masuguru, Isihaka akaenda kukata mkonge katika shamba lile tulilokuwa tukiliita Shamba la Ng'ambo, na marehemu akalima mihogo, akapika, akauguza, akazika. Siku ya Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, alipika bada, ule ugali wa muhogo, sufuria mbili, akamlisha kila aliyepita mlangoni, hata wale waliopita mara tatu, akawaambia, "Kuleni, sasa hatuna bwana wa kutupigia kelele." Maskini Mwanaidi. Isihaka alifariki kwa homa mwezi wa Juni 1963, na tangu hapo marehemu hakuolewa tena.

Mwaka 1965 Swaumu aliolewa na Mbaruku, kijana wa huku Handeni, ambaye alikuwa mfunga mizigo kwenye winchi ya Shamba la Ng'ambo, pale reli inapoingia shambani, na kwa vile wengine hamjawahi kuiona, winchi ile ilikuwa na mkono mrefu wa chuma, na waya mnene unashuka kutoka mkononi, na kulabu mwisho wa waya, Mbaruku anafunga marobota ya katani manne manne, anayatia kulabu, anampa ishara Mdoe, dereva wa winchi, mzigo unapaa, unazunguka, unatua kwenye behewa. Na huo mzigo ukizunguka ulipita juu ya njia. Njia ya watu, ya kutoka kambini kwenda sokoni. Njia ilikuwepo kabla ya winchi, wakaja wakaisimika winchi juu ya njia, hakuna aliyeulizwa, na akina mama walipita pale na ndoo kichwani huku marobota manne yananing'inia juu ya ndoo.

Mbaruku hakuwa mjinga. Aliona waya ule unakatika uzi mmoja mmoja, vipande vimesimama nje kama ndevu, akamwendea nyapara Yordani mara ya kwanza mwezi wa Mei, akamwambia, "Bwana nyapara, waya umeota ndevu," na Yordani akacheka mbele ya watu, akamjibu, "Si waya umekuwa mtu mzima? Mpeleke kwa kinyozi," wakacheka wote, hata Mbaruku mwenyewe alicheka. Mara ya pili Juni, Yordani akamwambia waya mpya umeagizwa. Mara ya tatu Julai alikwenda mpaka kwa meneja, yule mgeni aliyekuja baada ya Azimio la Arusha, na meneja akamwambia, "Taifa linasubiri katani, wewe unasubiri waya?" Hayo ndiyo majibu aliyopewa, mara tatu, na mashahidi wako hapa, Mdoe yuko hapa, ameinamisha kichwa lakini yuko.

Sasa nije kwenye siku yenyewe, na nyie vijana mnaokaa siku hizi meza moja na wakwe zenu mnataniana, sikilizeni, kwetu mkwe ni mtu wa kupishwa, mwanamume akimwona mama mkwe wake njiani anatoka njiani, anageuza uso, anajificha nyuma ya mti au ya nyumba mpaka apite, na mama naye anajifunika kanga anapita upesi, hakuna anayemchukia mwenzake, ndiyo heshima yenyewe, na ukimwona mtu anampisha mkwe wake mbali sana ujue anampenda sana mkewe. Swaumu alikuwa amejifungua huyu Mwantumu, siku ya tisa, yuko ndani, hawezi kupeleka chakula, basi marehemu, aliyekuwa akikipika siku zote, ndiye aliyekuwa akikipeleka, akifika pale anakiweka kwa Salaash mlangoni mwa stoo, anaondoka, Mbaruku anakuja kukichukua mama akishapotea, na chakula kile hakikuwa cha Mbaruku peke yake, walikikalia bakuli moja watu wote wa winchi.

Jumanne, tarehe 13 Agosti 1968, saa sita mchana, marehemu alifika na bakuli lake. Behewa lilikuwa limechelewa, Yordani anapiga kelele, mzigo uko juu, Mbaruku amesimama njiani anauangalia, akageuka, akamwona mama mkwe hatua kumi kutoka alipo, akafanya alichofundishwa tangu hajaota meno, akatoka njiani, akaingia nyuma ya rundo la marobota, chini kabisa ya ule mzigo, akageuza uso. Waya ukakatika. Salaash anasema ulilia kama mjeledi. Marehemu aliona marobota yakishuka, aliona mkono wa Mbaruku, bakuli halikumtoka mikononi, alilishika vile vile mpaka akina mama walipokuja kumpokonya, na bada ilikuwa bado ya moto.

Mbaruku alizikwa kesho yake. Na wiki haijaisha, ofisi ikaandika karatasi yake, ikasomwa mbele ya wafanyakazi, kwamba marehemu Mbaruku aliondoka mahali pake pa kazi kwa sababu ya mila ya kumkimbia mama mkwe, akaingia mwenyewe chini ya mzigo, ajali imesababishwa na mila. Mwisho. Waya hawakuutaja. Ndevu hawakuzitaja. Safari tatu za Mbaruku hawakuzitaja. Na siku ile ile walikata kipande kilichokatika, wakaunga waya ule ule kwa vifungo viwili vya chuma, jioni winchi ikapakia.

Na sisi je? Sisi tulifanya vizuri zaidi? Korogwe nzima iliokota maneno ya ile karatasi ikayapigia zumari, kisimani akina mama wakamwachia foleni, wakisema mpisheni huyo, asiyempisha anakufa, watani kwenye arobaini wakaimba kwamba Mbaruku alimpisha mkwe mpaka akhera, na watu wakacheka, na mimi nilikuwepo, nilinyamaza. Mwanaidi naye akaamini. Siku arobaini hakupika, alikaa amegeukia ukuta, Swaumu yuko eda chumba cha pili na mtoto mchanga, na mama anaona haya kumtazama binti yake usoni, kwa sababu kichwani mwake yeye ndiye aliyemuua, yeye na kanga yake na bakuli lake.

Aliyemtoa pale ni huyu Salaash. Alikuja na kibuyu cha maziwa, akakaa mlangoni, akamwita yeyo, yaani mama kwa Kimaasai chao, akamwambia, "Yeyo, wewe ulibeba bakuli, hukubeba robota."

Marehemu akamjibu bila kugeuka, "Alinikimbia mimi."

"Alikupisha. Hata sisi tunawapisha wakwe. Nimechunga nyikani miaka thelathini, sijaona mkwe akimwangukia mtu kutoka juu."

Mwanaidi akauliza, "Na ule waya?"

"Ule ule. Wameuunga. Wenzake wako chini yake sasa hivi."

Basi hapo ndipo alipogeuka.

Jumatatu, tarehe 23 Septemba 1968, saa moja asubuhi, marehemu alichukua mkeka wake, akajifunika kanga mbili, akaenda Ng'ambo, akautandika pale pale alipolala Mbaruku, chini ya mkono wa winchi, akakaa. Hakupiga kelele. Mdoe akazima mashine. Yordani akaja mbio, akasimama mbali, akasema, "Mama, hapa ni mahali pa kazi," naye akajibu, "Hata mimi nimekuja kazini." Meneja akatoka ofisini na soksi zake zile ndefu, akaona behewa tupu, akaona mama kwenye mkeka, akapiga kelele, "Mwondoeni!"

Hakusogea mtu.

"Mdoe! Shuka umwondoe!"

"Bwana meneja," Mdoe akasema kutoka juu, "haiwezekani, yule ni mkwe."

"Mkwe wa nani?"

"Wa Mbaruku."

"Mbaruku amekufa!"

"Sisi ndugu zake hatujafa."

Meneja akawaka, akanyoosha kidole kwa mmoja mmoja, wewe Mnyamwezi, wewe wa Lushoto, wewe hata sijui umetoka wapi, undugu umeanza lini, na yule Mnyamwezi akamwambia kwa adabu kabisa, "Bwana mkubwa, tumekula bakuli moja miaka mitatu, chakula cha mama huyu, na wewe mwenyewe umetusomea kwenye karatasi kwamba mila zetu zina nguvu." Watu wakaziba midomo. Yordani akaona hapa heshima yake inakwenda, akapiga hatua, akasema, "Mimi Mkristo, tena Msambaa, sina mkwe hapa," na Mwanaidi, uso wake umefunikwa vile vile, akamuuliza taratibu, "Yordani, bada yangu uliila hukuila?" Wenzake wakapiga kelele, "Aliila mama! Alikomba bakuli mpaka likalia!" na nyapara mzima akarudi nyuma, akageuza uso, akajificha nyuma ya stoo kama mkwe wa kuozeshwa.

Siku tatu. Siku tatu winchi haikunyanyua hata gunia. Meneja alisema taifa linapata hasara, marehemu akamuuliza, "Mbaruku hakuwa taifa?" Alitishia polisi, marehemu akasema waleteni, kama kuna asiyekuwa na mkwe aje. Siku ya tatu, Jumatano, akaja injinia kutoka Tanga, mtu wa makamo, anaongea kidogo, maana mabehewa yalikuwa yakirudi matupu, akachuchumaa mbele ya mkeka, akamwamkia, akamuuliza anataka nini. Marehemu akasema, "Nishushieni huo waya niushike."

Mdoe akaushusha. Mwanaidi akavua kanga ya juu, akaifungia kwenye waya, akafumba macho, akaanza kuivuta taratibu, kama alivyokuwa akifanya kwa baba yake, na kanga ikanasa. Akainasua, akavuta, ikanasa. Katika pima moja tu ilinasa mara kumi na moja, kila ikinasa anasema, "Hapa," kila akisema hapa injinia anainama kuangalia, na ya kumi na moja injinia hakuinama tena, alisimama akavua kofia, akauliza nani ameruhusu waya huu, na watu wote wakamtazama meneja, na meneja akatazama viatu vyake.

Waya mpya ulikuja tarehe 2 Oktoba. Ule ulioagizwa tangu Juni ulichukua siku saba kufika, mnaona, siku saba, mtu amekufa kwa kitu cha siku saba. Njia ikahamishwa nyuma ya stoo, ukajengwa ua wa nguzo kuzunguka mahali mzigo unapopita, na ikawekwa amri kwamba kila asubuhi, kabla ya robota la kwanza, kitambaa kipitishwe kwenye waya wote, kikinasa winchi inalala, aseme nani, asiseme nani. Watu wakakiita kitambaa cha Mwanaidi. Miaka sita watu wa winchi ile walirudi nyumbani na vidole vyote kumi.

Lakini lililomgharimu si hilo. Siku ua ulipokwisha aliwakusanya wale wakwe zake wote, akajifunua uso mbele yao, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akawaambia, "Nitazameni. Ndani ya ua huu hakuna mkwe, hakuna mzee, hakuna shikamoo ya kuitikia. Jicho liwe kwenye mzigo. Hata nikipita mimi, hata akipita mama yako aliyekuzaa, usimpishe, simama ulipo." Walilia wanaume wazima. Na wazee wa huku kwetu, wengine wamelala makaburini na wengine wamekaa hapa wanakunywa kahawa yetu, walisema Mwanaidi amevunja heshima, amewatazama wakwe zake usoni kama mwanamke wa njiani, walimsusa kwenye harusi ya mtoto wa ndugu yake mwaka 1970, alikaa uani peke yake, na alichowajibu ni kwamba heshima anaitaka, lakini ya mkwe aliye hai.

Na ile karatasi haikuguswa. Injinia alibadili waya, karatasi haikuwa kazi yake. Marehemu alikwenda ofisini kuiomba ibadilishwe mwaka 1968, akaenda 1969, akaenda 1971 baada ya ule Mwongozo wa TANU uliowapa wafanyakazi sauti, wafanyakazi wakimsindikiza, na meneja akamwambia, "Mama, faili limeshafungwa." Akamwambia, "Na kaburi limefungwa, mbona nalitembelea?"

Mwaka 1974, watu walipokuwa wanahamia vijijini, alirudi huku Handeni, akajenga hapa Chanika, akaishi na Swaumu na Mwantumu. Kule Ng'ambo akaja meneja mwingine, huyu yeye alikuwa na haraka zaidi, akasema kitambaa kinakula nusu saa kila siku, akakifuta, na nguzo za ua zikang'olewa ili lori lipite. Jumanne, tarehe 6 Mei 1975, robota moja lilimshukia Simeo, mmoja wa watu wa winchi, likamvunja mguu, mguu ukakatwa. Hapakuwa na mkwe. Hapakuwa na kanga wala bakuli, mama mkwe wa Simeo yuko Songea huko, na bado karatasi iliandikwa, safari hii wakaandika uzembe. Mnaelewa sasa? Hawakosi la kuandika. Mtu akifa atatafutiwa mila, akikosa mila atatafutiwa uzembe, akikosa uzembe watasema Mungu amependa, lakini waya, ndugu zangu, waya hauandikwi.

Marehemu alipopata habari alipanda basi kesho yake na mkeka wake kwapani, kifua kimeshaanza kumsumbua, akafika Ng'ambo saa tano, na alichokikuta alikisimulia mara nyingi kuliko kitu chochote maishani mwake. Winchi imelala, na chini ya mkono wake wamekaa wanaume arobaini na wawili, Mdoe ameshuka yuko katikati yao, na Yordani, ndiyo, Yordani naye, wote wamekaa chini, wamemgeuzia meneja migongo. Mwanaidi alisema, "Nilitafuta pa kutandika mkeka wangu, nikakosa." Siku mbili tu, kitambaa kikarudi, na nguzo zikarudi, na mpaka leo ninaposema ziko.

Mwaka 1976 alikwenda ofisini mara ya nne kwa ajili ya ile karatasi. Karani alimwambia arudi wiki ijayo. Wiki ijayo hakuiweza, alianza kuugua.

Alisumbuliwa na kifua mwaka mzima wa 1977, akalazwa hospitali hapa Handeni mara mbili, mara ya mwisho tangu tarehe 20 Februari mwaka huu, na Alhamisi tarehe 9 Machi 1978, saa mbili asubuhi, Mwenyezi Mungu akamchukua, akiwa na miaka kama hamsini na sita, Swaumu amemshika mkono, tukamzika Ijumaa baada ya sala, na leo ni siku ya tatu. Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, na wakwe ambao hatujui tuwahesabu vipi.

Ukoo unawashukuru daktari na wauguzi waliomhangaikia mpaka dakika ya mwisho, na yule muuguzi aliyemsuka nywele siku moja kabla hajafa bila kuombwa. Tunawashukuru majirani wa Chanika kwa kuni, maji na unga, akina mama wa Masuguru, mzee Salaash aliyetembea siku mbili, Mdoe na wenzake, na Simeo, aliyekuja kwa magongo akakataa kukaa kwenye kiti. Yordani, umechimba kaburi kwa mikono yako, tumeona.

Tunaishukuru pia ofisi ya Shamba la Ng'ambo kwa lori lililowaleta watu. Bwana uliyetumwa kuiwakilisha, uliyeniambia asubuhi kwamba kwenye matanga tuseme mazuri tu, lori tumelipanda, ahsante, lakini mdomo hatukuupakia humo. Rudi ukawaambie kwamba imesomwa karatasi nyingine, haina muhuri, msomaji wake hajui hata alif, na imesikiwa na watu wote waliojaa ua huu. Mbaruku aliuawa na waya mbovu, Jumanne tarehe 13 Agosti 1968, saa sita mchana, na waliotakiwa kuubadili walikuwa wawili, nyapara na meneja, na wote wawili waliambiwa. Mama mkwe wake alikuwa anampelekea chakula.

Anayetaka kunikanusha asimame.

Haya. Hakuna.

Mwantumu, mama, umesikia mwenyewe, umesikia na wao wamekaa kimya, wamekukalia kimya wote, basi kuanzia leo akija mtu kukuuliza, usilie, mwambie baba yangu aliuawa na waya, ilisemwa mbele ya watu na hakusimama hata mmoja. Mwanaidi binti Mhina, umechoka, lala salama, Mungu akulaze palipo na kivuli na maji ya karibu. Na nyie watoto nyote, jua limeshazama, mikeka imetandikwa ndani, nendeni mkalale. Mwantumu, wewe utalala na mimi.